Asilimia 0.87: jinsi tulivyosoma rekodi moja ya machapisho ya kisukari, Dodoma

Kisa hiki kilianza na sentensi moja. Daktari kijana anayesoma shahada ya uzamili hapa Dodoma aliniletea andiko lake la utafiti kuhusu kisukari katika vijiji vya Bahi na Chamwino, akaniomba nilipitie kabla hajaliwasilisha kuombea kibali cha maadili. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwamba kisukari katika vijiji vya Tanzania kilikuwa asilimia 0.87 kwa mujibu wa makala ya mwaka 1989, kwamba mwaka 2012 kilikuwa kimefika asilimia 9.1, na kwamba kwa hiyo ugonjwa huu umeongezeka zaidi ya mara kumi katika miaka 23. Namba zote mbili zimechapishwa na zote mbili ni sahihi pale zilipotoka. Hitimisho lake ndilo lisilosimama.

Nilimwuliza, "Daktari, hii makala ya 1989 umeisoma yote?" Akanijibu kwa uaminifu ambao nimeuheshimu tangu siku ile: "Hapana, Mwalimu. Nimesoma muhtasari tu, na ile namba nimeikuta kwenye makala nyingine iliyoinukuu." Sikumlaumu. Makala yenyewe ilitoka katika jarida la The Lancet, ambalo kwa sehemu kubwa husomwa kwa kulipia, na vijana wetu wengi hujifunza kazi za zamani kupitia sentensi ambazo wengine waliziandika juu ya kazi hizo. Lakini nilimwambia kwamba kabla hajaandika tena neno "ongezeko", tungekaa pamoja tuisome si makala hiyo peke yake, bali rekodi nzima inayoizunguka: nani aliandika, alikuwa ameandika nini kabla, aliandika nini baadaye, na pamoja na nani. Hiyo ndiyo rekodi ninayoichambua hapa.

Mwandishi wa kwanza wa makala ile ni Donald McLarty, daktari mgeni aliyefanya kazi katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa miaka mingi. Nyuma ya jina lake yanafuata majina manane, wengi wao Watanzania: Swai, Kitange, Masuki, Mtinangi, Kilima, Makene na Chuwa, na mwishoni kabisa Alberti wa Uingereza, yule ambaye baadaye, mwaka 1998, aliandika pamoja na Zimmet ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyobadilisha vigezo vya kutambua kisukari. Kwamba mtu huyo huyo yumo katika makala ya vijiji vya Tanzania na katika ripoti ya vigezo vya dunia ni jambo ambalo orodha ya machapisho hulionyesha kwa macho tu, bila mtu kueleza, na lina uzito katika kisa chetu kama nitakavyoonyesha.

Sasa tuitazame namba yenyewe. Watafiti walikwenda katika vijiji sita, katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakapima watu wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Hawakuridhika na tone la damu la asubuhi. Kila mtu alipewa glukosi ya gramu 75 anywe, kisha akapimwa tena baada ya saa mbili, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya kijijini ataelewa uzito wake: kuwaweka mamia ya watu wakiwa hawajala, wakati shamba linawasubiri na watoto wanalia njaa, na kuwashawishi wasiondoke kabla ya saa mbili kwisha. Watu zaidi ya 6,000 walikamilisha kipimo hicho. Waliokutwa na kisukari walikuwa 53, na hapo ndipo ilipopatikana asilimia 0.87.

Namba ya 2012 ina ukoo mwingine kabisa. Ilitoka katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini kwa pamoja, na uliotegemea sukari ya mtu akiwa hajala, ukiwajumlisha pia wale waliokuwa tayari wanatumia dawa. Kwa hiyo daktari wangu alikuwa amelinganisha vijiji na nchi nzima yenye miji yake, watu wa kuanzia miaka 15 na watu wa kuanzia miaka 25, kipimo cha kunywa glukosi na kipimo cha asubuhi. Juu ya hayo yote, katikati ya tafiti hizo mbili kile kigezo cha sukari ya mtu ambaye hajala kilikuwa kimeshushwa kutoka milimoli 7.8 hadi 7.0 kwa lita, katika mabadiliko yale yale ambayo Alberti alishiriki kuyaandika. Mtu ambaye mwaka 1989 angeambiwa nenda nyumbani, huna kisukari, mwaka 2012 angeweza kuandikwa kwenye daftari la kliniki akiwa na damu ile ile.

Sisemi kwamba kisukari hakijaongezeka. Kimeongezeka, na yeyote anayekaa kwenye benchi la kliniki ya Jumanne anaiona foleni. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa ongezeko hauwezi kupatikana kwa kugawa 9.1 kwa 0.87. Kama daktari alitaka ulinganifu wa haki, ulikuwepo ndani ya kazi za kundi lile lile. Mwaka 2000 Aspray, akiwa na Mugusi na wenzao, walichapisha ulinganisho wa Dar es Salaam na kijiji cha mkoa wa Kilimanjaro, ambapo kisukari kilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake upande wa mjini, na asilimia 1.7 na 1.1 upande wa kijijini. Hapo kipimo ni kimoja, wakati ni mmoja, na tofauti inayoonekana ni tofauti ya maisha: unene, kukaa bila kuushughulisha mwili, na mji wenyewe.

Jambo la pili ambalo muhtasari ulimficha daktari, au tuseme alilipita kwa haraka, ni namba nyingine iliyomo katika makala hiyo hiyo ya 1989. Pamoja na wale wenye kisukari, asilimia 7.8 walikuwa katika hali ya katikati: saa mbili baada ya kunywa glukosi sukari yao ilikuwa imepanda kupita kawaida, lakini haikufika kiwango cha kuitwa kisukari. Yaani kwa kila mgonjwa mmoja kulikuwa na watu karibu tisa mlangoni. Wanaoinukuu makala hiyo huandika 0.87 na kuiacha 7.8, na mimi naona namba iliyoachwa ndiyo yenye maswali zaidi. Ni watu gani hao? Wanene wa kijijini, ambao miaka ile walikuwa wachache? Au ni kinyume chake?

Jibu linapatikana ukisonga mbele miaka mitatu katika orodha. Mwaka 1992 Swai, akiwa sasa mwandishi wa kwanza na McLarty akiwa wa mwisho, walichapisha katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, makala yenye kichwa kilicho swali: je, kisukari kina uhusiano na utapiamlo katika vijiji vya Tanzania? Ilikuwa na watu 8,581 kutoka vijiji vinane. Swali hilo halikuwa la kubuni. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1985 vilikuwa na kundi maalumu la kisukari kinachotokana na utapiamlo, na ilikuwa ikifundishwa kwamba katika nchi za joto, mtu aliyekonda tangu utotoni kongosho lake huharibika na kushindwa kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, ya kutosha. Watafiti hawa walipima, na wakakuta kwamba kisukari chenyewe hakikuwa kingi zaidi kwa watu wembamba au wafupi. Lakini ile hali ya katikati ndiyo iliyokuwa nyingi zaidi kwa wembamba na wafupi.

Hapa tulisimama kwa muda mrefu, mimi na daktari, maana ndipo rekodi hii ilipo na utajiri wake. Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu ni kwamba njaa inaharibu uwezo wa mwili kushughulikia sukari. Tafsiri ya pili ni ya kawaida zaidi na inamtaka mtu aijue kazi kwa mikono yake: gramu 75 ni zile zile kwa kila mtu mzima. Mama mwenye kilo 42 na mwanamume mwenye kilo 80 wanakunywa kikombe kile kile, na ni wazi kwamba kwa kila kilo ya mwili mama huyo amebebeshwa mzigo mkubwa zaidi. Sehemu ya ile asilimia 7.8 inaweza kuwa ugonjwa, na sehemu inaweza kuwa kikombe. Utafiti unaotumia sukari ya asubuhi peke yake, kama ule wa 2012, hauwezi kuwaona watu hao kabisa, wala hauwezi kutusaidia kutenganisha mambo hayo mawili.

Katika mwaka huo huo wa 1992, kundi hili lilichapisha katika jarida la Diabetes Care makala nyingine ambayo kichwa chake kinatoa jibu moja kwa moja: kisukari hakisababishwi na sumu ya muhogo. Wasomaji wa bara wanakijua kisa cha muhogo mchungu ambao haukulowekwa au kukaushwa vya kutosha. Katika wilaya ya Tarime mkoani Mara, katikati ya miaka ya 1980, ulileta mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla. Kulikuwa na nadharia kwamba sayanidi ya muhogo huo hudhuru pia kongosho na kuleta kisukari. Swai na McLarty waliungana na watu wa fani nyingine, akiwemo Rosling, aliyekuwa mtafiti wa konzo, na Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu, wakaitazama jamii iliyokuwa ikila sumu hiyo kwa wingi. Kisukari hakikuzidi.

Makala mbili za hapana katika mwaka mmoja. Katika tathmini nyingi za watafiti nilizowahi kushiriki, makala za namna hii hupewa alama ile ile na makala nyingine yoyote, au hutazamwa kwa huruma, kana kwamba mtafiti alikwenda kutafuta kitu akarudi mikono mitupu. Mimi naziona kuwa ndizo nguzo za rekodi hii. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani liliondoa kundi la kisukari cha utapiamlo katika mgawanyo wake rasmi, na ushahidi wa aina hii, wa watu maelfu waliopimwa kijijini badala ya wagonjwa wachache waliofika hospitali wakiwa wamekonda kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, ndio uliokuwa ukihitajika ili swali hilo lijadiliwe kwa namba.

Upande wa tiba rekodi ni fupi zaidi, lakini inauma. Mwaka 1990 BMJ ilitoa makala mbili zinazofuatana kuhusu wagonjwa 1,250 wapya waliosajiliwa Muhimbili kati ya Juni 1981 na Mei 1987. Ya kwanza, iliyoongozwa na Swai, inasema ni akina nani: 272 walihitaji insulini, 825 hawakuihitaji, na 153 aina yao haikuweza kuthibitishwa. Napenda sana kwamba wale 153 hawakusukumwa kwenye safu yoyote ili jedwali lipendeze. Ya pili, iliyoongozwa na McLarty, inasema walifikia wapi: 205 walijulikana kuwa wamefariki, na miongoni mwa sababu za vifo zilikuwemo maambukizi na ile hali ya damu kujaa tindikali ambayo insulini, ikiwepo kwa wakati, huizuia. Miaka miwili baadaye Chale na wenzake wakauliza katika jarida lile lile kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua Afrika, wakajibu kwa kuhesabu fedha: dola 287 kwa mwaka kwa mgonjwa anayehitaji insulini, dola 103 kwa asiyeihitaji, kwa bei za 1989 na 1990. Ukizisoma makala hizi tatu kwa mfuatano unaona akili moja ikitembea, kutoka ni nani anaugua, hadi nani anakufa, hadi ni nini kingegharimu kumzuia asife.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu za machapisho haziwezi kulionyesha. Kuna ile fahirisi ya h aliyoipendekeza mwanafizikia Hirsch mwaka 2005, inayounganisha idadi ya makala na idadi ya mara zilizonukuliwa; taasisi nyingi huipenda kwa sababu humpunguza mtu kuwa namba moja. Lakini tazama majina yanavyohama. Mwaka 1989 McLarty ni wa kwanza. Mwaka 1990 wamegawana na Swai. Mwaka 1992 Swai na Chale wako mbele na yeye yuko mwisho, mahali ambapo katika desturi ya majarida ya tiba hukaa kiongozi anayesukuma wengine mbele. Mwaka 1996, makala ya BMJ kuhusu vifo vya watu wazima, iliyotokana na kazi ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini, inaongozwa na Kitange. Fahirisi haioni uhamaji huo, na mimi nauhesabu kuwa sehemu ya matokeo ya utafiti kama ilivyo asilimia yoyote. Kwa wale wanaokaa kwenye kamati za kupandisha watu vyeo, ninaomba kwa moyo wote: someni mpangilio wa majina kwa miaka kumi mfululizo kabla hamjauliza jumla.

Nimetaja mikoa. Kilimanjaro, Morogoro, Mara, Dar es Salaam. Msomaji wa Dodoma atakuwa ameshaona kinachokosekana. Daktari wangu alikuwa ameandika "vijijini mwa Tanzania" kana kwamba mteremko wa Kilimanjaro wenye migomba na mvua ya misimu miwili ni sawa na Bahi, ambako mvua ni ya msimu mmoja na mara nyingine hukata kabla uwele haujakomaa. Watu wa Ugogo, yaani eneo hili la Dodoma, wana kumbukumbu ya njaa iliyo na majina. Mtunya, ile ya mwisho wa vita ya kwanza ya dunia, bado inatajwa na wazee ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotokea. Kama kuna mahali katika nchi hii ambapo swali la utapiamlo na sukari lilipaswa kuulizwa, ni hapa.

Na swali hilo limerudi. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano wake wa dunia uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua rasmi kisukari kinachohusishwa na utapiamlo na kukiita aina ya tano, likaunda kikundi cha kukiandalia vigezo vya utambuzi na miongozo ya tiba. Kundi lililofutwa mwaka 1999 limefunguliwa mlango tena. Wapo watakaosema kwamba makala ya 1992 sasa imepitwa. Mimi nasema ndiyo kwanza imekuwa ya lazima, kwa kuwa yeyote atakayedai kwamba aina ya tano ni nyingi vijijini mwetu atatakiwa kueleza kwa nini haikuonekana kwa watu 8,581, na yeyote atakayedai kwamba haipo atatakiwa kueleza ile hali ya katikati iliyowaelemea wembamba. Kwa mgonjwa jambo hili si la majina tu. Kijana aliyekonda, asiye na unene wowote, akifika zahanati na sukari ya juu, namna anavyoainishwa ndiyo inayoamua kama ataanzishiwa insulini nyingi, kidogo, au vidonge, na insulini nyingi kwa mtu asiye na uhakika wa mlo wa jioni ni hatari ya sukari kushuka usiku bila mtu kujua.

Tulimaliza kusoma Jumamosi ya nne. Daktari alirudi kwenye andiko lake, akafuta neno "ongezeko" na ile hesabu ya mara kumi. Aliongeza katika vipimo vyake urefu na uzito wa kila mshiriki, na badala ya kupima sukari ya asubuhi peke yake, aliamua kutoa glukosi na kupima tena baada ya saa mbili, ingawa nilimweleza wazi kwamba itamlazimu kupunguza idadi ya vijiji na kuomba wenyeviti wa vitongoji wamsaidie kuwaandaa watu mapema. Atapima pia sukari ya asubuhi kwa watu wale wale, ili ulinganisho na 2012 na ulinganisho na 1989 vyote viwezekane, kila kimoja kwa kigezo chake. Tulijadiliana kuhusu ule mzigo wa glukosi kwa kilo, na akaamua kuuingiza katika uchambuzi tangu mwanzo, asisubiri wakaguzi wa jarida wamwulize.

Sentensi ya kwanza ya andiko lake sasa inasomeka hivi: "Katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, kwa kipimo cha kunywa glukosi na vigezo vya wakati huo, asilimia 0.87 ya watu wa miaka 15 na zaidi walikuwa na kisukari na asilimia 7.8 walikuwa na kiwango cha sukari kilichozidi kawaida bila kufikia kisukari. Vijiji vya Dodoma havikuwemo."